Subira ya ghalani huunguza akaunti ya hisa

Mwezi wa saba, mahindi yanapomiminika soko la Kibaigwa, mwenye uwezo wa kusubiri hauzi. Bei iko chini kwa sababu wakulima wa Kongwa, Mpwapwa na Kiteto wanauza kwa mkupuo: mmoja anadaiwa ada, mwingine anadaiwa trekta, wa tatu hana pa kuhifadhi. Mwenye ghala hununua, hutia dawa, hufunga magunia, kisha hutulia. Ikifika Januari au Februari, mashamba yakiwa bado mabichi na akiba za nyumbani zimeisha, bei huwa imepanda. Si kila mwaka, maana mipaka ikifungwa hesabu huvurugika, na dumuzi hamwonei mtu haya. Lakini mara nyingi aliyevumilia ndiye anayecheka.

Nimeanza na mahindi kwa sababu kijana wa Dodoma au Singida anayejaribu kutredi, yaani kununua na kuuza, hisa za Marekani kwenye simu, mara nyingi amelelewa katika nyumba yenye biashara ya namna hiyo, iwe ya mahindi, alizeti au vitunguu. Amefundishwa kwamba ukinunua na bei ikashuka, usipaparike. Ghalani somo hilo ni la kweli. Kwenye biashara ya hisa ya siku moja, somo hilohilo humaliza mitaji ya watu wasio wavivu wala wajinga.

Chanzo cha tofauti ni bidhaa yenyewe. Kanda ya kati inapata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, watu wanakula kila siku, na ghala linapungua. Kuna nguvu inayoisukuma bei ya mahindi irudi juu, na mwenye mahindi anaweza kuitaja kwa jina. Hisa iliyoshuka asilimia 3 kati ya saa 11 na saa 12 jioni haina msimu. Inaweza kupanda, inaweza kuendelea kushuka hadi kengele ya kufunga soko, na haijui wewe ulinunua kwa bei gani. Anayesubiri bila kujua anasubiri nini hana subira. Ana matumaini tu, na kila dakika yanamgharimu.

Tuweke sawa kwanza tunazungumzia nini. Kutredi hisa kwa siku ni kununua na kuuza ndani ya siku ileile, ukivizia mabadiliko madogo ya bei, bila kulala na mzigo. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, jambo hili kwa kweli halifanyiki. Hisa nyingi huuzwa na kununuliwa kwa uchache, makato hukatwa unaponunua na tena unapouza, na bei ya hisa inaweza kukaa palepale siku nzima. Kwa hiyo wanaotaka mchezo huu hukimbilia masoko ya New York. Kwa saa zetu masoko hayo hufunguliwa saa 10:30 jioni na kufungwa saa 5 usiku kuanzia Machi hadi mapema Novemba. Miezi mingine ni saa 11:30 jioni hadi saa 6 usiku. Mfanyakazi wa Mtumba, mji wa serikali jijini Dodoma, akishuka kwenye daladala, soko ndiyo kwanza limechangamka. Anakaa na chati ya bei akiwa amechoka, hajala, na watoto wanapiga kelele. Uchovu huo sitaupigia hesabu hapa, ila usidhani haumo.

Roho inavyohesabu hasara

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha majibu ya maswali waliyowauliza watu kuhusu kupata na kupoteza fedha. Swali mojawapo lilikuwa hivi: uchague kupoteza 3,000 kwa uhakika, au ubahatishe, ambapo kuna asilimia 80 ya kupoteza 4,000 na asilimia 20 ya kutopoteza kitu. Ukipiga hesabu, kubahatisha ni kubaya zaidi, kwa sababu wastani wake ni hasara ya 3,200. Hata hivyo asilimia 92 ya waliojibu walichagua kubahatisha. Swali lilipogeuzwa likawa la kupata badala ya kupoteza, wengi waligeuka nalo: asilimia 80 walitaka 3,000 yao ya uhakika mkononi.

Hapo ndipo fumbo lote lilipo. Mtu yuleyule ni mwoga akiwa na faida na jasiri akiwa na hasara. Hisa ikipanda kidogo, mkono unamwasha, anauza asije akanyang'anywa. Ikishuka, anajipa moyo. Hasara ambayo hujaiuza inaonekana kama bado haijawa hasara. Ukibonyeza kitufe cha kuuza ndipo inapothibitika, na ndipo unapolazimika kukiri kwamba ulikosea. Kinachokwepwa pale ni kukiri kuliko hata fedha yenyewe, kwa maana fedha imeshapungua tayari, ubonyeze usibonyeze.

Mtafiti wa masuala ya fedha, Terrance Odean, alikwenda kuitafuta tabia hii kwenye akaunti halisi. Alipitia akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja wa hisa wa Marekani, za kati ya 1987 na 1993, akakuta watu wakiuza hisa zenye faida kwa wepesi wa takribani mara moja na nusu kuliko zenye hasara. Na walikosea: katika mwaka uliofuata, hisa walizouza zilizipita zile walizozing'ang'ania kwa wastani wa asilimia 3.4. Kilichonivutia mimi ni Desemba. Mwezi huo tabia iligeuka, watu wakauza zenye hasara, kwa sababu sheria ya kodi ya Marekani humpa nafuu aliyeuza kwa hasara kabla mwaka haujaisha. Maana yake mtu anaweza kabisa kukata hasara. Anachokosa miezi mingine ni sababu iliyo nje ya moyo wake.

Ubaya wa kung'ang'ania ni kwamba hauishii hapo. Hatua inayofuata ni kuongeza mzigo: hisa ikishuka unanunua nyingine kwa bei ya chini, ili wastani ushuke na bei ikirudi kidogo tu utoke salama. Hesabu ni sahihi, na mara nyingi njia hii hufanikiwa, jambo linaloifanya iwe hatari zaidi kuliko kama ingekuwa inafeli kila siku. Inakulipa vijisenti mara kumi na tisa, halafu mara ya ishirini inachukua vyote.

Treda Nick Leeson alifanya hivyo akiwa Singapore, kwa fedha za benki ya Barings ya Uingereza. Alikuwa akificha hasara kwenye akaunti namba 88888 na kuongeza dau ili azirudishe. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi lilipiga Kobe, soko la Japani likaporomoka, naye akazidi kununua akiamini litarudi. Hadi mambo yanafichuka hasara ilifika pauni milioni 827. Barings, benki iliyoanzishwa 1762, iliuzwa kwa pauni moja. Alikuwa na ofisi, kompyuta na taarifa zote za soko. Hakuwa na mtu wa kumwambia imetosha.

Kwa nini hasara ndogo ni rahisi na kubwa ni ghali

Mtaji ukipungua kwa asilimia 10, unahitaji faida ya asilimia 11 hivi urudi ulipokuwa. Ukipungua kwa asilimia 20, unahitaji 25. Ukipungua nusu, unahitaji asilimia 100, yaani kila shilingi iliyobaki izae nyingine. Ukipoteza asilimia 80, unahitaji asilimia 400. Shimo linapozidi kina, ngazi ya kutokea hurefuka kuliko shimo lenyewe. Kwa sababu hiyo wazoefu husema kazi ya kwanza ni kulinda mtaji, na wanaposema hivyo wanazungumzia hesabu, si woga.

Chukua treda mwenye shilingi 1,000,000 anayejiruhusu kupoteza asilimia 1 tu kwa kila biashara, yaani 10,000. Tuseme kati ya biashara kumi anapatia nne na kukosea sita. Akipatia, anapata 20,000. Jumla ya faida ni 80,000, jumla ya hasara 60,000, anabaki na 20,000. Amekosea mara nyingi kuliko alivyopatia, na bado yuko juu. Sasa mpe ukaidi wa siku moja tu: katika zile sita, moja ameshindwa kuikata, ikafika 50,000. Hasara tano za kawaida ni 50,000, na ile ya ukaidi 50,000 nyingine. Faida ni ileile 80,000. Ameishia chini kwa 20,000. Biashara tisa alizozifanya vizuri zimefutwa na moja.

Na makato je? Akilipa 2,000 kwa kila biashara, zile kumi zimekula 20,000, na yule treda mwenye nidhamu naye ametoka kapa. Hili huwa halisemwi kwenye madarasa ya kutredi yanayotangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Swali la kweli basi ni hasara ikatwe wapi. Wengi huangalia maumivu: nikipoteza elfu tano nitatoka. Lakini soko halijui elfu tano yako ni nini. Bei ya hisa hucheza juu na chini hata pale inapoelekea unakotaka, na ukiweka mpaka ndani ya mchezo huo utatolewa kila saa, kisha uione hisa ikipanda bila wewe. Hasira ya kutolewa hivyo ndiyo humfanya mtu afute mpaka kabisa mara inayofuata.

Mpaka huwekwa mahali ambapo sababu yako ya kununua inakuwa si kweli tena. Umenunua hisa kwa 20,000 kwa sababu jioni nzima imeshindwa kushuka chini ya 19,600? Basi ikifika 19,500, hoja yako imekufa. Haidhuru unajisikiaje. Tofauti ni 500 kwa hisa. Umejiruhusu kupoteza 10,000. Kwa hiyo unanunua hisa 20, basi. Kama chati ingekutaka uweke mpaka mbali zaidi, tofauti ya 1,000, ungenunua hisa 10. Zingatia mpangilio: kwanza mahali pa kukosea, kisha kiasi cha kupoteza, mwisho idadi ya hisa. Wengi huanza na idadi, kwa kuangalia faida wanayoitamani, halafu mpaka unawekwa popote panapobaki.

Ukishaujua mpaka huo, uandikishe kwa dalali wako kama agizo la kuuza papo hapo unaponunua. Matreda wenyewe huliita stopu. Stopu ya kichwani haifai, na sababu moja haina saikolojia yoyote ndani yake: umeme ukikatika, bando likiisha, au simu ikizima, agizo lililoko kwa dalali bado lipo. Sababu ya pili ni ile ya Desemba: unahitaji kitu kilicho nje ya moyo wako. Unapoweka agizo hujaumia bado, unafikiri kama mtu mzima. Nusu saa baadaye, hisa ikiwa chini, anayefikiri ni mwingine, na ana hoja nzuri sana za kusubiri dakika tano tu.

Stopu ina kasoro yake na lazima ijulikane. Haikuhakikishii bei. Ikiguswa, hisa huuzwa kwa bei inayopatikana wakati huo. Tarehe 2 Februari 2022 hisa ya Meta, mama wa Facebook, ilifungwa karibu na dola 323. Usiku kampuni ikatoa matokeo mabaya. Kesho yake soko lilipofunguliwa hisa ilikuwa chini ya dola 250, na siku ikaisha kwa anguko la asilimia 26. Mwenye stopu ya dola 310 hakuuza kwa 310, kwa sababu bei hiyo haikuwepo, soko liliiruka. Ndiyo maana anayetredi kwa siku huuza kila alichonunua kabla ya kengele. Anayesema leo nitalala na hii, kwa sababu tu iko kwenye hasara, amebadili biashara bila kubadili mpango.

Kuna na jambo la mkopo. Programu nyingi zinazopatikana kwenye simu hazikuuzii hisa yenyewe, zinakuuzia mkataba unaofuata bei ya hisa, na zinakukopesha ili dau liwe kubwa kuliko fedha yako. Dau likiwa mara 20 ya fedha yako, hisa ikishuka asilimia 5 mtaji wako wote uliouweka pale umekwisha, na asilimia 5 ni jambo la jioni moja. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilipobana mikataba hii, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo hupoteza fedha, ikaweka kikomo cha mara 5 kwa hisa. Makampuni mengine yalihamishia wateja kwenye matawi yaliyo nje ya Ulaya, ambako kikomo hicho hakifanyi kazi. Kabla ya kutuma fedha popote, waulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, kama huyo unayemtumia ana leseni ya kuhudumia Watanzania. Ni swali la bure.

Baada ya hasara

Kukata hasara moja si kazi ngumu kama kukaa kimya baada ya kuikata. Dakika zile kumi zinazofuata ndizo zinazounguza akaunti. Umetolewa na stopu, hisa imegeuka na kupanda kana kwamba ilikuwa inakusubiri wewe utoke, na mwili unataka kurudisha hela sasa hivi. Unaingia tena kichwa kichwa, safari hii kwa dau mara mbili, kwenye hisa ambayo hukuwa hata umeipanga.

Hapa ushauri wa kawaida ni kudhibiti hisia, na mimi siuamini sana. Mwaka 2005 watafiti Shiv, Loewenstein na wenzao waliwapa watu mchezo wa mizunguko 20: kila mzunguko unaweza kuweka dola 1, sarafu ikirushwa unapata dola 2.50 au unapoteza dola yako. Kwa hesabu inafaa uweke kila mara. Watu wenye afya, hasa wakishapoteza, walianza kukataa. Wagonjwa walioumia sehemu za ubongo zinazohusika na hisia waliendelea kuweka, na wakaishia na fedha nyingi zaidi. Lakini wagonjwa haohao, katika maisha yao, wako katika hatari ya kufanya maamuzi mabaya ya fedha, kwa kuwa hawana kinachowashtua. Hisia haiondoki kwa kuambiwa iondoke, na hata ingeondoka usingekuwa salama. Unachoweza ni kuinyima kitufe.

Kwa vitendo, hiyo ni kuweka kikomo cha siku. Treda wetu wa shilingi milioni moja aamue kwamba akipoteza 30,000, yaani hasara tatu, jioni yake imekwisha, anafunga programu, anakwenda kula. Baadhi ya madalali huruhusu kikomo hicho kiwekwe kwenye mfumo wenyewe, ukajifungia nje hadi kesho. Kama wako hawezi, mpe mtu wa nyumbani simu. Ni aibu kidogo, najua. Na hasara tatu au tano mfululizo si dalili kwamba umerogwa: kwa anayekosea mara sita katika kumi, uwezekano wa kukosea mara tano mfululizo ni karibu asilimia 8, kwa hiyo katika biashara mia moja litamkuta, pengine zaidi ya mara moja.

Daftari husaidia pia, mradi liandikwe kabla. Sababu ya kununua, mpaka, idadi. Ukisoma baada ya mwezi utaona ni mara ngapi mpaka ulisogezwa chini, na hiyo ndiyo namba ya kuangalia kwanza, kabla hata ya faida.

Sasa neno ambalo wauza kozi hawalipendi. Kukata hasara hakugeuzi mbinu mbovu kuwa nzuri. Kama ununuzi wako hauna faida kwa wastani, stopu itakufilisi polepole badala ya haraka. Watafiti wa Brazil waliwafuatilia watu walioanza kutredi kwa siku mikataba ya faharisi ya hisa, yaani kipimo cha bei za hisa nyingi kwa pamoja, kati ya 2013 na 2015. Miongoni mwa walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha, na waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara cha nchi yao walikuwa asilimia 1.1. Hao ni wale waliovumilia, si walioacha wiki ya kwanza. Kwa maoni yangu mwenye mtaji wa kuuguza mtoto au wa kupanda alizeti msimu ujao hana sababu ya kuupeleka huko hata kidogo.

Ila usichukue kisu hiki ukaenda nacho DSE. Mwenye hisa za benki au za kiwanda cha bia alizonunua ili apate gawio la kila mwaka hana biashara ya siku moja, na bei kushuka wiki hii peke yake haimwambii kitu. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, kisha zikashuka chini ya hapo, na huwezi kukosa kumsikia mtu akiapa kwamba hatauza mpaka irudi 850. Huyo amekwama kwenye bei aliyonunulia, kama treda wa jioni. Jirani yake aliyeuza kwa hofu mara tu ilipopungua amekosea kwa upande wa pili, na makato ameyalipa mara mbili. Wote wawili wangetakiwa kufungua taarifa ya fedha ya kampuni na kujiuliza kama, kwa bei ya leo, wangeinunua.